Kulala Shambani Sardinia: Mwongozo kwa Msafiri Anayetokea Uganda

Sheria ya Italia namba 96 ya mwaka 2006 inaruhusu mkulima au mfugaji peke yake kuendesha nyumba ya wageni ya aina wanayoiita agriturismo, na inataka kazi ya shamba ibaki kubwa kuliko kazi ya wageni. Msafiri akilishika hilo kabla ya kuondoka Kampala, Mbarara au Arua, mengi hayatamshangaza: kwa nini chakula cha jioni huliwa kwa wakati mmoja tu, kwa nini hakuna menyu ya kuchagulia, kwa nini mwenye nyumba hapokei simu alasiri. Yuko zizini anakamua.

Visiwa vya bahari ya Mediterania vyenye nyumba za namna hii ni vingi. Mwongozo huu unahusu Sardinia, kisiwa cha Italia chenye watu wapatao milioni moja na nusu na kondoo karibu milioni tatu. Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe, Ankole au Karamoja, atawaelewa watu wa ndani ya kisiwa hiki, mbali na pwani, upesi kuliko mgeni wa mjini.

Chagua mwezi kwa kalenda ya shamba

Kondoo wengi wa Sardinia huzaa kati ya Novemba na Desemba, na hukamuliwa mpaka kama Julai. Mwezi wa Agosti maziwa yamekauka. Ukienda Agosti ukitarajia kuona jibini likitengenezwa, utaonyeshwa sufuria tupu na rafu za jibini la zamani. Anayetaka kuona kazi hiyo aende kati ya Februari na mwanzoni mwa Juni. Manyoya ya kondoo hukatwa Mei na Juni, zabibu huvunwa Septemba, zeituni kuanzia Oktoba.

Agosti ina ubaya mwingine. Waitaliano wenyewe ndio wako likizo, kilele chake kikiwa sikukuu ya tarehe 15, bei hupanda, na nyumba nyingi hazikubali mgeni wa chini ya wiki nzima. Ushauri wetu ni Juni au Septemba: bahari ina joto, shamba lina kazi, na familia ina nafasi ya kuzungumza nawe. Aprili ni nzuri kwa maua na jibini, lakini nyumba za mawe hushika baridi, na usiku wa milimani unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Sweta la Kabale halitoshi. Chukua koti.

Kuandikia familia

Kwanza hakikisha nyumba ipo. Tangu 2025 kila nyumba ya wageni Italia inapaswa kuwa na namba ya utambulisho ya taifa, CIN, inayoanza na herufi IT, na lazima ionekane kwenye tangazo. Tangazo lisilo na CIN, lenye bei ya chini kupita kiasi na linalodai pesa zote mapema, liache.

Kisha andika, tena moja kwa moja kwa familia, kwa barua pepe au WhatsApp ambayo Waitaliano wanaitumia sana. Andika kwa Kiitaliano hata kama ni sentensi tatu. Mfano:

*Buongiorno, siamo due persone e veniamo dall'Uganda. Vorremmo dormire da voi dal 6 al 12 giugno, in mezza pensione. Non mangiamo maiale né strutto e non beviamo alcolici.*

Yaani: tuko wawili, tunatoka Uganda, tungependa kulala kwenu tangu tarehe 6 hadi 12 Juni kwa nusu-malazi, hatuli nguruwe wala mafuta yake, hatunywi pombe. Asiyehitaji sentensi ya mwisho aiondoe. Tarehe hizo ni usiku 6, ingawa ukihesabu siku kwa vidole utapata 7. Tofauti hiyo huleta ugomvi wa bei mara kwa mara, kwa hiyo taja idadi ya usiku.

*Mezza pensione* ni kulala, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Kwa nyumba iliyo mbali na kijiji, hiyo ndiyo ya kuchukua, kwa sababu kuendesha gari kilomita 12 gizani kutafuta mkahawa, barabara ikiwa na ngiri wanaokatiza, hakuna faida. Bei ya nusu-malazi kwa kawaida hutajwa kwa kila mtu kwa siku, ilhali bei ya kulala tu mara nyingi ni ya chumba. Uliza ni ipi. Uliza pia kama maji na vinywaji vya mezani vimo, na kodi ya mgeni ni kiasi gani. Kodi hiyo huwekwa na halmashauri ya mji, hutozwa kwa kichwa kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona.

Sasa pesa ya awali. Waitaliano wana maneno mawili ambayo kwetu yote yangeitwa malipo ya kwanza, lakini sheria inayatenganisha. *Acconto* ni sehemu ya bei iliyotangulizwa. *Caparra confirmatoria* ni arubuni hasa: ukivunja wewe, familia inabaki nayo, na wakivunja wao, wanapaswa kukurudishia mara mbili. Mwombaji wa viza yuko hatarini hapa, kwa kuwa anaweza kunyimwa viza bila kosa lake. Kabla ya kutuma hata shilingi, pata jibu la maandishi: viza ikikataliwa, arubuni itarudi au haitarudi? Familia nyingi zitakubali kuirudisha, au kuihamishia tarehe nyingine, ukiuliza mapema. Ukiuliza baada ya kunyimwa, huna nguvu.

Pesa za simu hazifiki huko. Utalipa kwa kadi, au benki yako itatuma kwenye akaunti yao. IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, ya Italia huanza na IT na ina herufi na tarakimu 27 kwa jumla. Zihesabu moja moja. Mwambie karani wa benki ada zote zikatwe kwako mtumaji, la sivyo benki za katikati zitamega kiasi njiani na familia itapokea pungufu ya mlichokubaliana.

Viza

Mwenye pasipoti ya Uganda anahitaji viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ombi huelekezwa kwa nchi utakakokaa usiku mwingi zaidi. Kama usiku wote ni Sardinia, ombi ni la Italia, hata kama ndege yako inatua kwanza Brussels au Amsterdam. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla yake. Jibu la kawaida hutoka ndani ya siku 15 lakini linaweza kufika 45, kwa hiyo miezi miwili au mitatu ya nafasi si mingi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen, pamoja na kurudishwa nyumbani ukiugua au ukifa.

Karatasi ya familia ndiyo inayoangusha wengi. Hoteli kubwa hutoa uthibitisho wa kompyuta wenye kila kitu. Familia ya shambani itakuandikia "karibuni, tunawasubiri", na hiyo haimsaidii afisa wa viza. Waombe waandike barua yenye jina la shamba, anwani, namba ya CIN, namba yao ya kodi, majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti, namba za pasipoti, tarehe ya kuingia na ya kutoka, idadi ya usiku, bei, na kiasi kilichokwisha lipwa. Herufi moja ya jina ikikosewa, waombe waandike upya. Tikiti ya ndege weka nafasi tu, usilipe tikiti isiyorudishwa kabla ya viza.

Kufika

Kutoka Entebbe utabadilisha ndege mara moja au mbili: kwa mfano Addis Ababa kisha Roma, halafu mwendo wa kama saa moja hadi Cagliari, Olbia au Alghero. Uliza familia uwanja ulio karibu nao kabla ya kununua tikiti, maana kutoka Cagliari kusini hadi Olbia kaskazini ni zaidi ya saa tatu za barabara. Ukinunua tikiti mbili tofauti, mzigo hauunganishwi: utautoa Roma, utaukabidhi upya, na ukichelewa hakuna wa kukufidia. Acha saa nne. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha picha na alama za vidole kwa mfumo wa kompyuta, na foleni ya mara ya kwanza inaweza kuwa ndefu. Njia nyingine ni meli ya usiku kutoka Civitavecchia, bandari ya karibu na Roma, hadi Olbia, kama saa saba.

Zawadi zinahitaji kufikiriwa. Nyama na maziwa, pamoja na samli na nyama kavu, haviruhusiwi kabisa kuingizwa Umoja wa Ulaya kutoka Uganda. Maembe na parachichi yanataka cheti cha afya ya mimea, lakini ndizi na mananasi hayataki. Zawadi bora ni kahawa iliyokaangwa. Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa kahawa ya Uganda, na huenda kahawa iliyo kwenye birika la familia hiyo ina robusta ya kwetu bila wao kujua. Peleka nusu kilo ya arabika ya Mlima Elgon na uwaambie ilikolimwa. Vanila nayo inapendwa sana.

Gari la kukodi linahitaji leseni ya Uganda pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva, ambayo kampuni itashikilia dhamana juu yake. Kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa kaunta, na hapo safari inakwama uwanjani. Magari mengi yana gia za mkono, hivyo aliyezoea otomatiki ya Kijapani aombe mapema na alipe zaidi. Usukani uko kushoto, unaendesha kulia, na kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha mwelekeo wetu. Vituo vya miji vina maeneo yaliyoandikwa ZTL, yanayolindwa kwa kamera. Ukiingia bila kibali, faini itakufuata kupitia kampuni ya gari. Egesha nje, tembea.

Anwani za mashamba huandikwa *località*, yaani jina la eneo bila namba ya nyumba, na ramani ya simu hukupeleka katikati ya kijiji na kukuacha hapo. Omba alama ya mahali itumwe kwa WhatsApp, na ufike kabla ya giza. Usiye na gari, mabasi ya ARST hufika vijijini, lakini Jumapili ni machache sana, na kutoka kituoni hadi shambani inaweza kuwa kilomita tano au kumi bila boda boda. Kubaliana na familia wakupokee, na ujue kwamba saa ya kukamua hawawezi kuja.

Ukifika watakuomba pasipoti. Sheria inawataka kupeleka majina ya wageni polisi ndani ya saa 24, kwa kila mgeni, hata Mwitaliano. Si kwamba wanakushuku.

Umeme, maji na simu

Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii huko. Nunua Kampala adapta ya pini mbili nyembamba za mviringo. Hiyo inaingia kwenye soketi nyingi za Italia, na volti ni kama za nyumbani.

Jambo ambalo wageni hulikosea ni nguvu ya umeme. Mkataba wa kawaida wa nyumba Italia ni kilowati 3. Birika la maji linachukua kama 2, kikausha nywele 1.5 au zaidi, kiyoyozi 1. Ukiwasha vyote pamoja, mita inakata nyumba nzima, pamoja na friji la jibini. Washa kimoja kimoja. Ukikata, kwanza chomoa vitu, kisha mwite mwenyeji, kwa kuwa sanduku la mita linaweza kuwa langoni, mita mia kutoka nyumbani.

Maji ya moto mara nyingi hutoka kwenye tangi la lita 80 lenye kipashio kidogo, linalohitaji kama saa tatu kupasha upya. Linatosha watu wawili au watatu wakioga kwa dakika tano tano. Wa nne ataoga baridi, na haitakuwa hitilafu. Kiangazi kisiwa hukaukiwa, na baadhi ya maeneo hupata maji kwa zamu. Ukiona ndoo bafuni, ipo kwa ajili hiyo. Mtu aliyezoea jerikeni hahitaji kufundishwa zaidi.

Kisiwa hiki kilikuwa na malaria mpaka kampeni ya 1946 hadi 1950 ilipoimaliza, kwa hiyo vyandarua hutavikuta. Lakini ukipata homa huko, au wiki chache baada ya kutoka Uganda, mwambie daktari mara moja kwamba umetoka nchi ya malaria na uombe kipimo. Daktari wa kijijini anaweza kufikiria mafua kwanza, na kuchelewa siku mbili ni hatari. Namba ya dharura ni 112.

Mezani

Kifungua kinywa ni kitamu kwa maana ya sukari: mkate, jamu, asali, keki, kahawa. Mayai na jibini huwekwa ukiomba jioni yake. Maduka ya kijiji hufungwa kama saa saba mchana hadi saa kumi na moja, kwa hiyo nunua matunda na maji asubuhi.

Chakula cha jioni huanza saa mbili au mbili na nusu usiku, wote pamoja. Vinakuja kwanza vionjo: jibini, soseji kavu, mboga za siki, rikota, zeituni, mkate mwembamba uitwao *pane carasau* unaovunjika kama chapati iliyokaushwa. Mgeni mwenye njaa hujaza tumbo hapo, halafu zinafuata tambi za aina mbili, nyama ya kuchoma, tamutamu na kahawa. Kula kidogo kila hatua. Kukataa sahani nzima kunamwumiza mpishi. Kuomba kiasi kidogo hakumwumizi: *poco, grazie*.

Kwa Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, kumwambia mpishi "hatuli nguruwe" hakutoshi. Nguruwe mdogo wa kuchoma, *porceddu*, unamwona na kumwepuka. Usichokiona ni *strutto*, mafuta ya nguruwe yanayokandiwa unga wa tamutamu nyingi za kisiwa, hata *seadas*, ile maandazi ya jibini inayomiminiwa asali. Tambi za *malloreddus* kwa kawaida hupikwa na mchuzi wa soseji. *Culurgiones*, vifuko vya viazi, jibini na mnanaa, huonekana salama, lakini baadhi ya nyumba huweka mafuta ya mnyama ndani ya kijazo. *Pane carasau* ni unga wa ngano ngumu, maji, hamira na chumvi. Jibini la kondoo la kienyeji hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo au mwanambuzi, na nyama ya shambani haichinjwi kwa utaratibu wa Kiislamu. Anayeshika hilo aombe samaki, mayai, maharage na mboga. Mwambie mama wa nyumba siku mbili kabla, si mezani, kwa sababu unga wa *seadas* hukandwa mapema, na akijua atatumia mafuta ya zeituni. Kibla kutoka Sardinia ni kusini-mashariki, si kaskazini ikiegemea mashariki kidogo kama kwetu, na mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu kasoro usiku. Sala ya Magharibi itaangukia katikati ya chakula, kwa hiyo mwambie mwenyeji utaondoka kwa dakika kumi.

Zizini na malishoni

Uliza kabla ya kwenda. Uganda ina ugonjwa wa miguu na midomo, na Sardinia ilipatwa na ugonjwa wa mapele ngozi wa ng'ombe mwaka 2025. Mfugaji yeyote ana haki ya kuogopa viatu vya mgeni. Usivae huko buti au viatu ulivyovaa kwenye zizi la nyumbani. Osha nyayo kwa sabuni na brashi kabla ya kufunga mzigo, na mwambie mwenyeji kwamba umefanya hivyo. Kusema mwenyewe kwamba mna mifugo nyumbani kunajenga imani kuliko kunyamaza.

Lango liache ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi usilifunge, huenda nyuma yake ndiko kuna maji ya kondoo. Ukikutana na kundi lenye mbwa wakubwa weupe, simama, usikimbie, usiwatazame machoni, zunguka mbali polepole. Wanalinda, na mtu anayepita katikati ya kondoo kwao ni mwizi. Moto ni jambo zito kuliko yote. Majira ya joto, upepo wa kaskazini-magharibi uitwao *maestrale* hugeuza cheche moja kuwa msiba wa vijiji vitatu, kwa hiyo usitupe kichungi cha sigara, wala usiegeshe gari la moto juu ya nyasi kavu. Ukiona moshi, piga 112 au 1515.

Saa nzuri ya kuuliza maswali ni baada ya ukamuaji wa asubuhi, maziwa yakiwa yanapashwa. Usitoe pesa kwa sababu umeonyeshwa. Nunua jibini lililofungwa bila hewa.

Kuondoka

Chumba hukabidhiwa kama saa nne asubuhi. Lipa jioni iliyotangulia, kwa sababu mashine ya kadi inategemea mtandao na mtandao wa bondeni hupotea. Kuwa na noti za euro za kutosha angalau kodi ya mgeni. Dai risiti yenye jina lako na idadi ya usiku, uitunze pamoja na vipande vya tikiti, maana safari ijayo afisa wa viza atataka kuona kwamba ulilala ulikosema utalala. Kadi ya njano ya chanjo iwe mkononi, isiwe kwenye sanduku: wataiuliza Entebbe.